Ski za Murshid

12 Novemba

Leo Murshid kanitia hasira kabla sijamaliza chai. Huyu ni mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea mie baada ya mama kutangulia. Yuko Ufini, juu kabisa kaskazini, anahudumia wazee majumbani mwao. Kijiji chao kiko ukingoni mwa ziwa, na ng'ambo ya ziwa yuko bibi mmoja anayeishi peke yake, mgonjwa wa sukari, ambaye kila asubuhi lazima achomwe sindano. Majira ya baridi barabara ya kuzunguka hufungwa na theluji. Ziwa likishaganda, Murshid huvuka juu ya barafu kwa pikipiki ya theluji. Pikipiki hiyo haina matairi. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira, mbele ina ski mbili, vile vibao virefu vya kutelezea, na usukani unageuza hizo ski. Za kwake zimekwisha, pikipiki inamvuta kushoto kama punda mkaidi.

Halmashauri yao, ndiyo mwajiri wake, imemruhusu anunue nyingine. Akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba duka la kijijini wanazo, ataagiza Jumatatu.

"Agiza uone," nikamwambia. "Mie niko Guangzhou mwaka wa kumi na moja, nusu ya Kariakoo inavaa nilichochagua kwa mkono huu, halafu ndugu yangu anunue dukani?"

"Dada, hizi si vitenge."

"Kila kitu ni kitenge. Kina aliyekitengeneza, kina daraja la kwanza na la pili. Niachie."

Kaniachia. Huwa ananiachia. Kazi yake bado ni ya mkataba wa muda, na mwisho wa Februari wataamua kumwajiri au kumtoa. Akitoka kazini na kibali cha kukaa kinaondoka. Kwa hiyo ski hizo zitakuwa nzuri, na zitatoka kwangu.

13 Novemba

Zhongda, soko la vitambaa, kutwa. Mteja wa Mwanakwerekwe anataka zambarau ambayo Mungu hakuiumba.

18 Novemba

Nimepata pa kununua. Bosi Liang ni mwanamke wa makamo, ana kiwanda kidogo cha plastiki huko Panyu, na ski za pikipiki za theluji anazitengeneza yeye. Lakini mwenyewe hajawahi kuona theluji ikidondoka. Tulicheka wote wawili kwa hilo, na hapo ndipo pekee tulipocheka.

Maana mwanamke huyu ana maswali. Mie nimeingia kama ninavyoingia duka lolote: naonesha picha, nauliza kama ipo, bei ya mwisho, lini. Yeye kaniwekea mezani aina tatu za ski akaanza kunihoji. Huko zinakokwenda theluji ni laini au ngumu? Ina kina gani? Anapita njia iliyokanyagwa na wengine au anaifungua mwenyewe? Kuna barafu tupu?

"Theluji ni theluji," nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni.

Akatikisa kichwa. "Meiyou," akasema, yaani hakuna, na ski zake akazirudisha ndani kama mtu aliyetukanwa. Miaka yote hii nimenyimwa vitu kwa meiyou za kila namna, lakini sijapata kunyimwa kwa kuwa sijui jibu. Nimerudi nimevimba.

23 Novemba

Nimempandia Elisante ghorofa ya juu. Huyu ni kijana wa Machame, anasomea shahada ya uzamivu ya uhandisi kwa ufadhili, amepanga hapa mtaani kwetu Kangle kwa kuwa ni rahisi. Kichina anakimwaga kama maji. Mie simpendi sana. Ukimuuliza saa ngapi anakueleza saa inavyotengenezwa. Ila Liang ni mtu wa maswali, basi nimpelekee mtu wa majibu.

Kanichorea. Ski pana inaelea juu ya theluji laini, pua haizami. Nyembamba inakata vizuri kwenye njia ngumu, lakini ukiiingiza kwenye laini inapiga mbizi. Chini ya ski kuna mkuku, kama wa chombo cha baharini, unaoifanya ishike njia. Mkuku mmoja mrefu unashika sana, ila ukikuta mfereji wa pikipiki iliyotangulia unaufuata huo mfereji utake usitake. Mikuku miwili mifupi haivutwi hovyo.

"Sasa ipi?" nikamuuliza.

"Dada Sihaba, hilo la Murshid. Yeye ndiye anayepita."

"Murshid nimemvisha mie tangu viatu vya skuli. Nambie ipi."

Akanyamaza. Wasomi wakinyamaza ujue wanakuhukumu.

27 Novemba

Liang amelainika baada ya kuongea na Elisante. Ana mteja wake kwenye ule ukumbi wa theluji ya kutengenezwa huko Huadu, akatuombea tuingie asubuhi kabla watoto hawajaja. Nje watu wamevaa fulana, ndani unapewa koti zito na viatu vya mpira. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga theluji. Nilidhani italowesha. Kumbe ni kavu, inalia chini ya kiatu kama wanga ukiubana kwenye kiganja.

Elisante na fundi wa Liang wakafunga ski kwenye kigari wakaanza kukivuta huku na huku, wakikata kona, wakibadilisha, wakipigana maneno ya Kichina. Mie baridi ilinipanda kwenye meno. Nikatoka kwenda kunywa chai.

Wakanikuta huko nje. "Pana, yenye mikuku miwili," Elisante akasema. "Ila kuna jambo, dada. Theluji ya humu ni ya aina moja tu, na kilichotusaidia hasa ni kile kilichoko chini ya..."

"Pana ya mikuku miwili. Nimesikia, Elisante. Yamekwisha."

Ni kweli ndiyo nzuri kuliko zote. Nyeusi, inang'aa.

3 Desemba

Kwa Rahim wa kago. Rahim ni mtu wa Tanga, na bohari lake ndipo mizigo yetu inapovuliwa nguo kabla ya kusafiri. Asiyeijua biashara hii hudhani tunatuma vitu kama vilivyotoka kiwandani. Hatutumi hewa, wala hatutumi chuma cha bure, maana kago hulipiwa kwa kilo na nafasi. Viatu tunavitoa kwenye maboksi, mabegi tunayatia moja ndani ya jingine, majora tunachomoa bomba la katikati, vigari vya watoto tunafungua vyuma vilivyowekwa visipinde njiani. Mie nina jicho la kazi hiyo. Rahim huniita hata nimkagulie mizigo ya wenzangu.

Ski zilikuja zimefungwa vizuri. Chini ya kila moja palikuwa na fito za chuma zimekazwa kwa nati, nzito, zina sura mbaya.

"Hivi vyuma vya nini, Da Sihaba?" Rahim akauliza.

"Vya safari, zisije zikakwaruzana. Toa."

Akatoa. Mzigo ukawa mwepesi mpaka nikaubeba kwa mkono mmoja. Vyuma tukavitia kiroba tukakisukuma kona. Kesho ski zinaruka.

11 Desemba

Zimefika. Murshid kapiga simu nikiwa sokoni Yide Lu, mikono imejaa vichezeo, mwenye duka ananipigia kelele za hesabu.

"Dada, nzuri kweli. Ila chini kuna matundu. Zile za zamani pale palikuwa na chuma."

"Hizo ni za kisasa. Matundu ni ya kutolea maji."

"Aha."

"Au huniamini?"

"Nakuamini. Lini wewe umewahi kusema kitu hukijui?"

Kazifunga mwenyewe leo hii hii.

15 Desemba

Ziwa limeshika barafu. Theluji ya leo, anasema, ni unga wa ngano. Pikipiki inaelea, inageuka kwa kidole. Nimempelekea Elisante sauti ya Murshid aisikilize, ajue.

22 Desemba

Unga tena. Baridi imefika na huku, nimetoa sweta sandukuni.

30 Desemba

Leo ni sukari, anasema, chembechembe kubwa zinazokimbiakimbia. Amefika vizuri. Bibi kamfumia soksi.

8 Januari

Leo ni chapati. Juu pagumu, chini laini, ukikanyaga unatumbukia. "Kwenye kona inachelewa kugeuka," akasema.

"Punguza mwendo."

"Nimepunguza."

"Punguza tena. Huwezi kupewa kitu kizuri ukakiendesha kama cha kuazima."

Akacheka, lakini kidogo.

14 Januari

Huko imenyesha mvua. Mvua, Januari, kwenye nchi ya barafu. Wazee wa kule wanashangaa. Hapa nako kunanyesha, nguo hazikauki, cherehani za karakana ya chini zinaguruma mpaka sakafu inanitekenya miguu.

16 Januari

Nikikaa bure nitapasuka. Bora niandike.

Saa nane mchana ya hapa ni saa mbili ya asubuhi kwao, ndipo Murshid anapoingia ziwani. Leo kabla kidogo ya saa hiyo Elisante alishuka kunirudishia sahani. Akasimama mlangoni.

"Nimeona mvua imewapiga kina Murshid, na usiku baridi imerudi. Ziwa litakuwa kioo. Fito alizofunga ni ndefu au fupi?"

"Fito gani?"

"Za chuma. Za chini ya mikuku. Zile nilizotaka kukueleza siku ya ukumbini." Bado hakuwa ameuona uso wangu. "Kwenye unga hazina kazi kubwa, ski inaelea tu. Kwenye barafu ndizo zinazoshika. Bila hizo unageuza usukani na pikipiki inakwenda kule kule ilikokuwa ikienda."

Nikaona kiroba kwenye kona ya Rahim. Nikaona ile mikono yangu ikionesha: toa.

"Dada? Dada Sihaba, kaa chini."

"Nilizitoa," nikamwambia. "Nilidhani ni vyuma vya safari."

Alichukua simu yangu mezani akanipa, kwa kuwa mie nilikuwa naitazama tu. Nikapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Safari hii ikajibu sauti ya mwanamke wa mtambo kwa lugha yao. Nikaandika: USIVUKE. Ujumbe ukabaki na alama moja, haujafika. Katikati ya ziwa hakuna mtandao, aliwahi kuniambia. Nami nilimjibu kwamba China hata ndani ya lifti mtandao upo.

Elisante akauliza namba ya kazini kwake. Sina. Jina la msimamizi wake. Silijui. Jina la huyo bibi. Sijapata kuuliza. Najua namba ya kiatu cha Murshid na upana wa mabega yake, nawajua hata aliosoma nao darasa la kwanza, na maisha anayoishi sasa siyajui hata kidogo. Hilo nimeliona leo, nikiwa na simu mkononi na hakuna mtu wa kumpigia.

Cherehani chini hazikunyamaza. Elisante alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kainamisha kichwa, midomo inacheza, anaomba kwa dini yake. Mie nikaswali alasiri bila kujua niko rakaa ya ngapi. Nikawa nahesabu makosa badala ya rakaa. Murshid aliniuliza kuhusu matundu. Aliuliza kabisa, kwa mdomo wake.

Simu ilipoita niliiangusha. Aliyeiokota ni Elisante, akaipokea na kuiweka spika.

"Dada, umenipigia mara zote hizi kuna nini? Niko kwa bibi."

Nikalia. Yeye akadhani mtandao mbaya, akaendelea kusema. Kuna mahali katikati ya ziwa wameweka nguzo, hapo lazima upinde kulia, kwa sababu mbele yake mto unaingia ziwani na barafu ni nyembamba. Alipinda. Pikipiki haikupinda. Ikagonga nguzo, ikamtupa, ikateleza peke yake ikasimama karibu kabisa na penye maji. Mbavu zinamuuma. Alitembea kwa miguu mpaka kwa bibi akamchoma sindano yake kwanza, ndipo akaona simu.

"Nadhani nilikwenda mbio mno," akasema. "Kosa langu, dada."

Elisante alikuwa ananitazama. Nikasema, "Pole, mdogo wangu. Pumzika." Nikakata.

18 Januari

Mbavu hazikuvunjika. Halmashauri imemtoa kwenye pikipiki, wamemweka kufua mashuka. Msimamizi ameandika kwamba ni dereva asiye mwangalifu, na karatasi hiyo itasomwa mwisho wa Februari watakapoamua. Murshid hajalalamika. Anasema mtu wa pwani atajulia wapi barafu, wana haki kumtilia shaka.

Aliendesha pikipiki ile msimu mzima wa mwaka jana na ski zilizokwisha, hakugonga hata kijiti.

19 Januari

Sijamwambia.

20 Januari

Sijamwambia. Zhongda nimekatisha majora ya rangi siyo, mie, nikashindwa hata kubishana.

21 Januari

Nimekutana na Elisante ngazini. Nikamwambia, "Najua unachofikiri."

"Sifikiri kitu, dada."

"Unafikiri nimwambie."

"Mie sitamwambia. Si langu la kusema." Akanipisha nipite na mifuko yangu, kisha akarudi akaichukua akaipandisha mwenyewe. Kijana huyu nilikuwa namwona ana maringo. Hana. Anasema analolijua tu, basi, na mie nimezoea watu wanaosema hata wasilolijua.

24 Januari

Nimemwambia. Nilijipanga niseme taratibu, nianze na biashara yetu ilivyo, jinsi kila mtu anavyovua mzigo. Yote yakanipotea.

"Chini ya zile ski palikuwa na vyuma. Nilivitoa mie kwa Rahim. Na nilipokwambia matundu ni ya maji, sikuwa najua ni ya nini. Nilisema tu."

Nikasikia mashine za kufulia zinazunguka upande wake.

"Nilikuuliza, dada," akasema.

"Uliniuliza."

"Mimi nimekuwa nalala nikijiuliza mkono wangu ulifanya nini."

Akakata simu. Katika umri wake wote Murshid hajapata kunikatia simu.

25 Januari

Kimya.

27 Januari

Kimya. Mitaa imeanza kuwa mitupu, watu wanarudi makwao kwa mwaka mpya wa Kichina. Nimepika biriani nikampelekea Elisante yote. Siwezi kula.

30 Januari

Murshid kaleta ujumbe wa maandishi, mfupi: amemweleza msimamizi, naye anataka kusikia kwangu mwenyewe, kwa video, aone na hivyo vyuma. Mwishoni kaandika shikamoo. Nimeisoma hiyo shikamoo mara nyingi kuliko mengine yote.

1 Februari

Nimekimbilia kwa Rahim kuchukua kiroba. Bohari limefagiwa likang'aa.

"Vyuma chakavu nimeuza vyote, Da Sihaba, nafunga mwaka. Si ulisema ni vya safari?"

Nilisema. Nikakaa juu ya marobota ya watu. Rahim akaniletea maji, akidhani sukari imeshuka.

3 Februari

Tumekwenda Panyu mimi na Elisante. Lango la Liang lilikuwa nusu limefungwa, wafanyakazi wanaburuta masanduku, karatasi nyekundu za mwaka mpya zimeshabandikwa. Liang mwenyewe koti mkononi, treni yake ya kwao ni leo leo. Nilijua atasema meiyou.

Elisante akamweleza. Liang akasikiliza mpaka mwisho, akanitazama. Nilingoja anicheke. Akatundika koti kwenye msumari, akaingia ndani akatoka na ski mbili, moja ina fito na moja haina, akazigeuza tumbo juu mezani. Hapo nikampigia Murshid kwa video.

Msimamizi ni mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe, sauti kavu. Murshid alikuwa kasimama nyuma yake, hanitazami. Kiingereza changu ni cha kuombea punguzo, lakini maneno niliyoyahitaji hayakuwa mengi. Ni mie niliyezitoa. Aliniuliza. Nikamdanganya kwa sababu sikutaka aone sijui. Yeye hana kosa.

Msimamizi akaomba simu isogezwe karibu na ski. Akaziangalia kwa muda, moja kisha nyingine. Akauliza kama pikipiki yenye hii isiyo na fito ingeweza kugeuka juu ya barafu tupu. Elisante akatafsiri. Liang akajibu kwa neno moja, na Elisante akasema, "Haigeuki."

"Nitaandika upya," msimamizi akasema. "Ila hapandi pikipiki mpaka fundi wetu aikague na ski mpya, na mimi mwenyewe nimwone akivuka."

Basi Liang akaweka aina zake tatu mezani, zile zile za Novemba, akauliza maswali yale yale. Laini au ngumu. Ina kina gani. Njia ya wengine au yake. Mdomo ulishanifunguka. Nikaufunga, nikageuza simu imwelekee Liang.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Murshid akaanza polepole, kisha akachangamka. Pembeni ya ziwa, kwenye matete, kuna unga wa kufika magotini. Katikati upepo umeunda matuta magumu. Wavuvi wa kwenye barafu wamechimba mifereji kwa pikipiki zao, na mifereji hiyo inaganda, inavuta. Baada ya jua siku mbili tatu juu panakuwa chapati. Mvua ikinyesha, kioo. Liang anauliza, Elisante anatafsiri, Murshid anajibu, Liang anatikisa kichwa kwa kukubali na kutoa moja mezani. Sijapata kumsikia ndugu yangu akiongea vile. Nilimlea asiguse jiko moto, na sasa anaijua barafu kwa rangi yake.

Murshid akachagua ya kati. Ya kijivu, haing'ai, mikuku miwili mifupi, na fito ndefu zenye meno magumu katikati.

"Lakini ile pana kwenye unga ilikuwa inaelea," nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Kwenye unga yoyote itanifikisha, dada. Mimi nachagua ya siku ile."

Hakusema kwa ubaya.

Liang akakaza nati kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, treni yake inamngoja. Akachukua kalamu nene nyekundu akaandika kitu juu ya kila ufito. Nikamuuliza Elisante kaandika nini.

"Usivue."

Liang akanitazama, akacheka, nami nikacheka mpaka machozi. Kisha akavaa koti lake akakimbia.

4 Februari

Kwa Rahim. Kashika kisu tayari kupasua boksi.

"Acha lilivyo."

"Hata boksi? Litakula nafasi, Da Sihaba."

"Hata boksi. Hata plastiki. Hata hizo karatasi za kunyonya unyevu."

Akaniuliza kama nimepima joto.

13 Februari

Zimefika. Fundi wao atazifunga Jumatatu.

16 Februari

Murshid kapiga simu akiwa na fundi.

"Dada, kwenye boksi kuna kipande cha mpira kama kabari. Ni cha kufunga au cha safari?"

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lile la haraka, la sokoni.

"Sijui," nikasema.

"Umesemaje?"

"Sijui, Murshid. Ngoja nimuulize aliyekitengeneza."

Liang yuko kwao kijijini, ni mkesha wa mwaka mpya wao. Akajibu hapo hapo kwa picha na mshale: kinakaa kati ya ski na mguu wa pikipiki, upande mnene nyuma. Nikaituma kama ilivyo. Murshid akajibu, "Asante dada," halafu akaongeza kwamba simu yake imerekodi nilivyosema sijui, anaihifadhi, awasikilizishe ndugu zetu Eid. Mtoto hana adabu. Ndiyo mara ya kwanza kunitania tangu siku ile.

17 Februari

Mwaka mpya wa Kichina. Kangle kimya, cherehani hata moja hailii. Kesho au keshokutwa tunaanza mfungo.

Leo ndiyo siku ya msimamizi kumwona akivuka. Nilimuuliza Murshid kabla hajatoka, theluji ya leo ipoje.

"Kioo, dada. Na unga kidogo umemwagwa juu, hukioni."

Ni yale yale ya Januari, tena mabaya zaidi. Nilitaka kumwambia asubiri kesho. Nilitaka kumwambia apunguze mwendo. Nikasema, "Haya. Wewe ndiye unayeijua." Akaingia ziwani, na simu ikazimika kama kawaida yake.

Elisante alishuka bila kuitwa. Tukakaa ngazini, maana ndani nilishindwa. Hakunieleza kitu chochote, wala mie sikumuuliza. Nilikuwa naomba tu, nimekunja khanga mikononi mpaka vidole vikafa ganzi. Nikawaza kwamba pengine nati moja haikukaza. Nikawaza kwamba pengine Liang naye hujisemea tu kama mie. Mtu ukishakosea mara moja kwa uhakika kamili, unabaki huna cha kuegemea.

Ikaja picha. Haina maneno. Barafu nyeupe, na juu yake mistari miwili myembamba iliyochanwa na chuma, inakuja imenyooka toka mbali. Penye nguzo, ile aliyoigonga bado imelala upande, mistari yote miwili inapinda kulia, inaukwepa mto, inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye nyumba ndogo inayotoa moshi.

Niliitazama mpaka macho yakajaa.

"Imegeuka vizuri?" Elisante akauliza.

Nikampa simu aone mwenyewe.